Amri iliyomkuta mwombaji amekufa: kisa cha Stransham-Ford, Afrika Kusini

Asubuhi ya tarehe 30 Aprili 2015, Jaji Hans Fabricius wa Mahakama Kuu mjini Pretoria alitoa amri ya kumruhusu Robert Stransham-Ford asaidiwe na daktari kuyamaliza maisha yake. Hakuna mahakama ya Afrika Kusini iliyokuwa imewahi kutoa ruhusa ya aina hiyo. Aliyeiomba hakuitumia wala hakuisikia. Alikuwa amefariki Cape Town, muda wa saa 2 hivi kabla ya amri kutoka, kwa ugonjwa ule ule uliompeleka mahakamani. Si jaji wala mawakili waliokuwa mbele yake waliokuwa na habari.

Mwezi Desemba 2016 Mahakama ya Juu ya Rufaa, Bloemfontein, iliifuta amri hiyo. Tangu hapo kisa hiki kimekuwa na wasomaji wa aina mbili. Wanaotetea haki ya kusaidiwa kufa huishika hukumu ya 2015, na wanaoipinga huishika ya 2016. Wote huisoma nusu. Majaji wa rufaa hawakusema kwamba mtu hana haki hiyo chini ya Katiba ya Afrika Kusini, wala hawakusema kwamba anayo. Walisema swali halikuletwa vizuri, na wakaeleza kwa urefu limeharibikia wapi. Faida ya kisa kwa mwanasheria, daktari au mwanaharakati imo katika maelezo hayo.

Tuanze na maneno, maana nusu ya ugomvi imo humo

Kiswahili kina jina moja linalofunika mengi: kifo cha huruma. Kwa kufariji wafiwa linafaa, ila kwa sheria halifai, kwa sababu halisemi nani kafanya nini. Vitenzi ndivyo vinavyosema. Mgonjwa kukataa tiba na kufa ni jambo moja. Mgonjwa kupewa dawa ya maumivu inayoweza kumfupishia siku, na daktari akilenga maumivu tu, ni jambo la pili. Mgonjwa kupewa dawa na daktari kisha akaitumia kwa mkono wake mwenyewe ni la tatu: hapo amejiua, amesaidiwa. Daktari kumfisha mgonjwa kwa mkono wa daktari, hata kama mgonjwa ameomba na kusihi, ni la nne.

Afrika Kusini mawili ya kwanza hayana utata mkubwa. Sheria ya Taifa ya Afya ya 2003, kifungu cha 6, inamtaka mhudumu amweleze mgonjwa kwamba ana haki ya kukataa huduma, na matokeo ya kukataa huko. Hata asiyejitambua ameshapata njia: mwaka 1992, katika shauri la Clarke dhidi ya Hurst, mahakama ya Durban ilimkubalia mke wa daktari aliyekuwa amezama katika hali ya kutojitambua kwa kudumu awe mlezi wake kisheria, akiwa na mamlaka ya kusimamisha kulishwa kwa mpira. Mgonjwa alikuwa ameandika matakwa yake zamani, akiwa mzima.

La nne ni mauaji ya kukusudia, bila kujali ombi. Mfano unaotajwa kila mara ni S dhidi ya Hartmann wa 1975. Daktari alimfisha baba yake wa miaka 87 aliyekuwa anakufa kwa saratani ya tezi dume. Alitiwa hatiani kwa mauaji. Adhabu ikawa mwaka 1, wote ukaahirishwa isipokuwa muda wa kukaa chini ya ulinzi hadi mahakama inyanyuke siku hiyo. Sheria haikulegea hata kidogo juu ya kosa, ikalegea juu ya adhabu.

La tatu ndilo gumu, na ndilo lililosahauliwa Pretoria. Kujiua na kujaribu kujiua si kosa Afrika Kusini. Je, kumsaidia anayejiua? Mwaka 1970, katika uamuzi wa Grotjohn, mahakama ya rufaa ya wakati huo ilisema jibu linategemea mazingira ya kila kisa: nia ya msaidizi, kitendo chake, na uhusiano wa kitendo hicho na kifo. Kwa hiyo hakuna katazo moja linaloweza kunyooshewa kidole na kuambiwa limevunja Katiba. Lazima kwanza useme katazo ni lipi.

Mwombaji na karatasi zake

Stransham-Ford alikuwa na miaka 65, wakili wa mahakama kuu kwa taaluma. Saratani ya tezi dume iligunduliwa mwanzoni mwa 2013. Ilipofika Aprili 2015 ilikuwa imesambaa na alikuwa na wiki chache tu za kuishi. Hati yake ya kiapo ilieleza maumivu, kichefuchefu, kutapika, kukonda, udhaifu, kushindwa kuondoka kitandani, na usingizi usiokuja bila dawa. Ripoti ya mwanasaikolojia ilithibitisha kwamba akili yake ni timamu. Alieleza pia kwamba hofu yake ni kufa katika mateso; kifo chenyewe hakikumtisha.

Walalamikiwa walikuwa wanne: waziri wa sheria, waziri wa afya, baraza la taaluma za afya, na mkurugenzi wa mashtaka. Mpangilio huo una maana. Mkurugenzi ndiye anayeweza kumshtaki daktari, baraza ndilo linaloweza kumfutia usajili, na mawaziri ndio wanaosimamia sheria na hospitali. Daktari anayehofia jela na anayehofia leseni ni yule yule, basi amri isiyowafunga wote wawili haimkingi. Upande huo maombi yalichongwa vizuri. Waliojiunga kama marafiki wa mahakama, yaani wasio wadai wala wadaiwa ila huruhusiwa kutoa hoja, kupinga ni mashirika ya Doctors for Life na Cause for Justice.

Palipokosewa ni njia. Maombi yalifunguliwa kwa dharura na kusikilizwa tarehe 29 Aprili, kwa hati za viapo tu. Hakuna shahidi aliyepanda kizimbani. Hakuna aliyehojiwa. Serikali ilipewa siku za kuhesabika kwa vidole kujibu hoja inayogusa sheria ya mauaji ya nchi nzima, na ilijibu kama mtu aliyeamshwa usingizini. Kanuni ya 16A ya mahakama kuu inataka anayeibua suala la kikatiba atoe taarifa kwa msajili, na taarifa hiyo ibandikwe ubaoni siku 20 ili wenye maslahi waione na waombe kujiunga. Mtu mwenye wiki mbili za kuishi hana siku 20 za ubao. Hapo ndipo penye fundo la kisa chote, na tutalirudia.

Amri yenyewe

Amri ya Fabricius ilikuwa fupi na ilijitahidi kujibana. Ilitamka kwamba mwombaji ni mtu mzima mwenye akili timamu, ameomba kwa hiari bila kushinikizwa, ana ugonjwa usiopona, anateseka vikali na amebakiza wiki chache. Ilisema ana haki ya kusaidiwa na daktari aliye tayari, ama kwa daktari kumpa mwenyewe dawa ya kumaliza maisha, ama kwa kumkabidhi aitumie. Hakuna daktari atakayelazimishwa. Atakayekubali hatakuwa amevunja sheria, hatashtakiwa wala kufikishwa mbele ya baraza.

Kisha ikaja ibara iliyozua rufaa. Sheria ya mauaji ya kukusudia na ya kuua bila kukusudia, alisema jaji, kwa kadiri inavyomzuia kabisa daktari kumsaidia mgonjwa wa namna hii, inabana kupita kiasi haki ya utu iliyo katika kifungu cha 10 cha Katiba, na haki ya mtu kuutawala mwili wake iliyo katika kifungu cha 12. Sababu kamili zilifuata tarehe 4 Mei. Zilijengwa juu ya utu, zikaegemea uamuzi wa Mahakama ya Juu ya Kanada wa Februari 2015 katika shauri la Carter, uliolitangua katazo la daktari kumsaidia mgonjwa kufa, na zikauliza swali ambalo wapinzani hawajawahi kulijibu kwa raha: ikiwa daktari anaruhusiwa kuchomoa mpira akijua mgonjwa atakufa, tofauti ya kimaadili na kumpa dawa iko wapi hasa?

Linganisha amri hiyo na sheria zilizotungwa na mabunge. Oregon, Marekani, ambako sheria ilianza kutumika 1997, inataka madaktari 2 wakubaliane kwamba mgonjwa amebakiza miezi 6 au pungufu, maombi 2 ya mdomo yaliyopishana siku 15 (tangu 2020 muda huu husamehewa kwa anayekaribia kufa mapema zaidi), ombi 1 la maandishi mbele ya mashahidi 2, na taarifa kwa idara ya afya. Tena Oregon huruhusu jambo la tatu tu, mgonjwa kuitumia dawa mwenyewe. Uholanzi, kwa sheria iliyoanza 2002, huruhusu na la nne, lakini daktari lazima aripoti kila kifo, na kamati ya kanda hukipitia. Amri ya Pretoria haikumtaja daktari, haikuweka muda wa kungoja, haikutaka maoni ya daktari wa pili wala ripoti baada ya tukio. Jaji alijua pengo hilo. Aliandika wazi kwamba haidhinishi rasimu ya sheria iliyopendekezwa na Tume ya Sheria mwaka 1998 kuwa ndiyo masharti pekee. Alitegemea kwamba amemwona mwombaji mmoja na anaamua juu ya mmoja. Lakini ukishatamka kwamba sheria ya mauaji imepita kiasi, humzungumzii mmoja tena.

Habari ya kifo ilipofika, serikali iliomba amri iondolewe. Jaji alikataa, akisema uamuzi wake una maana pana kwa jamii. Nadhani hili ndilo kosa lililouponza upande wa waombaji kuliko yote. Angeiondoa siku hiyo, sababu zake zingebaki kuwa maandishi ya jaji mmoja yaliyojaa hoja nzito, na kesi inayofuata ingeyatumia. Kwa kuiacha isimame, aliilazimisha serikali kukata rufaa, na rufaa ikaenda kwa majaji 5 ikiwa imebeba karatasi nyembamba.

Bloemfontein

Hukumu ya rufaa ya tarehe 6 Desemba 2016 iliandikwa na Jaji Malcolm Wallis, wenzake 4 wakiafiki. Jina la shauri linachekesha kwa uchungu: mjibu rufaa ni mirathi ya Stransham-Ford.

Sababu ya kwanza ni kifo. Mirathi hurithi nyumba, hurithi deni, hurithi hata baadhi ya kesi za fidia. Haki ya kusaidiwa kufa hairithiki. Ni ya mwili ule ule ulioiomba. Mwombaji alipokata roho, dai lilikwisha, na saa 2 baadaye hapakuwa na kitu mezani cha kutolea amri. Wallis alitenga hali hii na ile ya kesi iliyopitwa na wakati baada ya hukumu, ambapo mahakama ya rufaa bado inaweza kuamua kwa manufaa ya umma. Hapa dai lilikufa kabla ya hukumu. Mtu anaweza kuona huo ni ubahili wa kisheria. Lakini jaribu kinyume chake: jaji aruhusiwe kutoa amri juu ya sheria ya mauaji bila mtu yeyote aliye hai kuihitaji, kwa kuwa tu alishaandaa maelezo yake. Hiyo ni kazi ya kutunga sheria.

Sababu ya pili ni kwamba sheria yenyewe haikuchunguzwa. Afrika Kusini, tangu uamuzi wa Carmichele wa 2001, mahakama inayotaka kukuza sheria isiyotungwa na Bunge, iliyorithiwa kupitia maamuzi ya majaji, hupita hatua mbili. Kwanza iseme sheria ya sasa ni ipi na kama inapungukiwa mbele ya Katiba. Ndipo iseme itarekebishwa vipi. Pretoria iliruka hatua ya kwanza. Ilichanganya jambo la tatu na la nne ndani ya sentensi moja ya amri, ikadhani yote mawili yamekatazwa kabisa, ilhali Grotjohn inasema la tatu hutegemea mazingira. Pia iliichukua Carter kana kwamba ni vazi lililoshonwa kwa kila mwili. Kanada ilikuwa na kifungu cha sheria ya jinai kinachokataza kusaidia kujiua kwa maneno yaliyo wazi. Afrika Kusini haikuwa na kifungu cha namna hiyo. Na Mahakama ya Juu ya Kanada haikulifungua lango siku ile ile: iliahirisha nguvu ya tamko lake ili Bunge litunge masharti, na sheria ikapatikana Juni 2016.

Sababu ya tatu ni ushahidi. Amri, walisema majaji, ilisimama juu ya mambo pungufu na yasiyo sahihi, kanuni za mahakama hazikufuatwa, na wenye maslahi hawakupata nafasi ya kusikilizwa. Hapa wasomaji wengi hupita haraka, nami nadhani ndipo pa kukaa. Swali la kama mateso yanaweza kutulizwa ni swali la kitabibu. Linahitaji daktari wa tiba shufaa, yaani tiba ya kutuliza mateso ya mgonjwa asiyepona, aliyemwona mgonjwa, aeleze dawa zipi zimejaribiwa, kwa muda gani, zilishindwa wapi, na nini hakikujaribiwa. Swali la hiari linahitaji uchunguzi unaorudiwa, kwa kuwa mgonjwa aliye timamu wiki ya kwanza ya Aprili anaweza kuwa amezama usingizini wiki ya mwisho. Ripoti ya akili timamu ina tarehe, na tarehe hiyo huchakaa haraka kwa mtu anayekufa. Swali la hatari kwa wanyonge linahitaji watu waliochunguza takwimu za Oregon na Uholanzi, wahojiwe na upande wa pili. Hakuna hata moja kati ya haya linaloweza kufanyika kwa hati za viapo zilizoandikwa mbio mbio.

Saa ya mgonjwa na saa ya mahakama

Sasa turudi kwenye fundo. Anayestahili haki hii, kama ipo, ni mtu anayekaribia kufa. Mtu huyo ndiye asiyeweza kungoja kesi ya kweli. Ukimsubiri aingie katika wiki zake za mwisho ndipo afungue shauri, umeshashindwa kabla ya kuanza.

Njia ya kulifungua ilikuwa inajulikana. Katika shauri la Carter, mlalamikaji mmojawapo, Gloria Taylor, alikuwa na ugonjwa wa neva unaodhoofisha misuli. Mahakama ya British Columbia ilimpa Juni 2012 ruhusa yake binafsi. Alifariki kwa maambukizi Oktoba mwaka huo huo, bila kuitumia. Kesi haikuzikwa naye, kwa sababu ndani yake kulikuwa na walalamikaji wengine, kikiwemo chama cha haki za raia cha jimbo hilo, na chama hakiugui. Pia ilikuwa imesikilizwa kwa mapana mbele ya Jaji Lynn Smith: wataalamu wa pande zote, viapo kwa mafungu, watu kuhojiwa. Mahakama ya Juu ilipolipokea shauri ilikuta mambo ya ukweli yameshachambuliwa.

New Zealand ilikwenda njia ya katikati, mwezi mmoja tu baada ya Pretoria. Lecretia Seales, mwanasheria wa miaka 42 mwenye uvimbe wa ubongo, alifungua kesi mapema kiasi, ikasikilizwa Mei 2015 kwa ushahidi wa wataalamu. Jaji Collins alimpelekea matokeo tarehe 2 Juni: mateso yake ni ya kweli, lakini mabadiliko ni ya Bunge. Alifariki tarehe 5. Alishindwa kesi, ila hukumu iliyobaki ilikuwa na mwili, na wabunge waliokuja baadaye walikuwa na cha kushika. Sheria ilipitishwa 2019, ikapigiwa kura ya maoni 2020, ikaanza kutumika Novemba 2021.

Stransham-Ford alikuwa peke yake katika maombi. Kuweka jina la pili, la mgonjwa mwingine mwenye miezi badala ya wiki, au la chama, au la daktari aliye tayari na anayeogopa kushtakiwa, kungeondoa sababu ya kwanza ya rufaa yote. Lingebaki tatizo la ushahidi, lakini kesi ingerudishwa kusikilizwa upya badala ya kuzikwa. Somo hilo lilichukuliwa: baadaye daktari wa tiba shufaa, mwenyewe akiwa na saratani, na mgonjwa mwenye ugonjwa wa neva, walifungua shauri Johannesburg kwa njia ya kesi kamili, na ushahidi ukaanza kuchukuliwa 2021.

Maadili, pale sheria ilipoishia

Swali la Fabricius juu ya mpira na dawa halikufutwa na rufaa. Wapo wanaojibu kwamba tofauti ni chanzo cha kifo: ukichomoa mpira ugonjwa ndio unaua, ukitoa dawa wewe ndiye. Jibu hilo lina nguvu kidogo kuliko linavyosikika, kwani mlafi wa mali akiuchomoa mpira huo huo usiku bila ridhaa tutamwita muuaji bila kusita. Kumbe kinachobadilisha hukumu yetu ni ridhaa na wajibu wa daktari kuheshimu kukataa, na ridhaa hiyo hiyo ndiyo Stransham-Ford aliyokuwa nayo. Upande wa pili, kukataa kuguswa na kudai kutendewa ni haki mbili tofauti. Naweza kukuzuia usiniguse. Siwezi kwa hoja hiyo hiyo kukulazimisha unifanyie kitu. Amri ya Pretoria ilijua hilo, ndiyo maana haikumlazimisha daktari yeyote.

Hoja iliyo nzito zaidi dhidi ya amri, kwa maoni yangu, iko wodini. Stransham-Ford alikuwa wakili, mwenye daktari, mwanasaikolojia na timu ya kisheria. Hiari yake iliaminika kwa sababu alikuwa na vya kuchagua. Mgonjwa wa hospitali ya umma asiyepata hata dawa ya maumivu, akisema nataka kufa, anachagua kati ya nini na nini? Wanaounga mkono husema, sawa, basi wekeni masharti. Wapinzani huonyesha Kanada, ambako mwaka 2021, miaka 5 tu baada ya sheria, sharti la kifo kuwa karibu liliondolewa. Pande zote mbili zinasema kweli hapo.

Tukilileta kwetu

Afrika Mashariki jambo la tatu halina utata wa Grotjohn. Kanuni ya Adhabu ya Kenya, kifungu cha 225, na ya Tanzania, kifungu cha 216, humtaja wazi anayemsaidia mtu kujiua, na adhabu hufika kifungo cha maisha. Zaidi ya hapo, kifungu cha 213 cha Kenya na cha 203 cha Tanzania humhesabu mtu kuwa amesababisha kifo hata kama ameharakisha tu kifo cha mgonjwa ambaye ugonjwa ungemuua, iwe kwa kitendo au kwa kuacha kutenda. Maneno hayo ya mwisho, kuacha kutenda, ndiyo humfanya daktari wa chumba cha wagonjwa mahututi asite kuzima mashine hata pale familia na wataalamu wamekubaliana kwamba tiba haina tena faida. Hofu hiyo mara nyingi huzidi sheria, kwani tiba ambayo mgonjwa ameikataa daktari hana wajibu wa kuitoa. Lakini hakuna anayetaka jina lake ndilo liwe la kwanza katika uamuzi wa kulithibitisha hilo.

Njia ya mahakamani nayo inatofautiana baina ya majirani hawa. Ibara ya 22 ya Katiba ya Kenya huruhusu chama au mtu kufungua shauri kwa niaba ya wengine au kwa manufaa ya umma. Ndivyo tarehe 9 Januari 2025 Jaji Lawrence Mugambi alivyotamka kwamba kifungu cha 226, kinachofanya kujaribu kujiua kuwa kosa, kinakwenda kinyume na Katiba: miongoni mwa waliolileta shauri ni Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu na chama cha madaktari wa akili. Mahakama haikuhitaji kusubiri mtu mmoja aliyevunjika moyo apandishwe kizimbani. Kifungu cha 225 hakikuguswa. Tanzania, kwa marekebisho ya 2020, anayefungua shauri la haki za msingi lazima aape jinsi ukiukwaji unavyomgusa yeye binafsi. Maana yake mgonjwa wa Tanzania angebanwa katika mlango ule ule uliombana Stransham-Ford: awe yeye, awe hai, na awe na muda.

Na kabla ya mlango huo kuna wa tiba shufaa. Uganda iliufungua mapema. Hospice Africa Uganda ilianza 1993 ikitumia mofini ya maji ya kunywa, na mwaka 2004 sheria ikawaruhusu wauguzi na maafisa tabibu waliofunzwa kuiandika, kwa kuwa daktari vijijini hakuwepo. Mahakama yoyote ya eneo hili itakayoambiwa kwamba mateso hayatulizwi itauliza kwanza kama kuna aliyejaribu kuyatuliza.

Afrika Kusini yenyewe, ripoti ya Tume ya Sheria ya 1998, yenye rasimu ya muswada na machaguo matatu, yaani kubaki na katazo, kumwachia daktari chini ya masharti, au kupeleka uamuzi kwa jopo, haijawahi kugeuzwa kuwa sheria. Kwa hiyo daktari wa leo anayeombwa kile alichoomba Stransham-Ford amerudi pale alipokuwa Hartmann 1975. Mwaka 2019 Sean Davison, mwanzilishi wa shirika la DignitySA, alikiri mashtaka 3 ya mauaji kwa kuwasaidia watu 3 kufa. Alihesabiwa muuaji mara tatu, na adhabu aliyoitumikia ikawa miaka 3 ya kifungo cha nyumbani.